Makala Ndani ya Chupa ya Yassine

Djamila alikuwa anachagua maharagi mbele ya mulango yake, kule Bagira ya Bukavu, wakati jirani yake Maman Eulalie alisimama pale na ndoo kwenye kichwa, akamuletea neno yenye ilikuwa inatembea tangu asubuhi kwenye robine ya maji ya avenue. Walikuwa wanasema hivi: nyumba yenye kufuga bahari, bahari itakuja kuchukua mutoto wa ile nyumba.

"Mie sikusema," Eulalie alisema. "Niko nakuletea tu."

"Nani alisema?"

"Watu."

"Watu gani, Maman Eulalie?"

"Wale wa ku robine. Unawajua. Wakati wanasema hawanaka majina."

Djamila alitupa jiwe ndogo lenye lilitoka mu maharagi, akacheka. Lakini ile neno iliingia naye mu nyumba. Ilimusumbua kwenye swala ya adhuhuri, na wakati alikuwa anaweka chumvi mu sufuria ilimurudilia tena, juu ya ile chumvi.

Bahari ilikuwa mu saloni, kati ya televizyo na kabati ya sahani. Ilikuwa sanduku ya vioo, mutoto yake Yassine aliibandika mwenyewe na silikoni. Tonton Aboubakar alileta chumvi ya bahari mu mifuko kutoka Dar es Salaam, pamoja na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari nyeupe. Walisafiri ndani ya sashe ya plastiki yenye kujazwa pumzi, wakapita Uvira na mashimo yote ya ile barabara, wakafika wazima. Yassine alitaka wazae. Wakizaa, atauzisha watoto yao ku mahoteli ya pembeni ya ziwa. Wakikufa, alishasema mbele ya mama yake, ataenda na rafiki yake Firmin kwenye carrière ya dhahabu, kuingia mu shimo kama wengine.

Kwa hiyo Djamila alikuwa anachunga wale samaki kuliko alivyokuwa anachunga sufuria. Na samaki walikuwa wanahema vibaya. Maji ilikuwa imegeuka rangi ya majani, vioo ilikuwa na utelezi, na wao walikuwa wanapanda juu kutafuta pumzi. Djamila aliwaonea huruma. Alikuwa anawatupia unga ya sambaza, vile visamaki vya ziwa, asubuhi, na jioni, na tena kidogo katikati.

"Maman, ile sambaza ndiyo inaoza mule ndani," Yassine alisema. "Ndiyo inachafula mayi."

"Na weye nilikulisha nini? Si sambaza?"

"Mie sikukuwa nalala mu bakuli yangu."

Alisema kitu yenye inahitajika ni reakteri. Djamila aliweka mukono kwenye kifua.

"Reakteri iko ya ndege."

"Hapana, Maman. Hii ni chupa tu. Mayi inaingilia chini, inapanda, inapita mu makala, uchafu inabakia mu makala, mayi inatoka safi."

"Hata bombe ni chupa tu."

Yassine aliitengeneza kwenye baraza. Alichukua chupa kubwa ya plastiki yenye kuonekana ndani, akaikata shingo, akaifunga huku na huku na bushoni, vile vifuniko vya tiyo ya PVC. Aliingiza tiyo ndogo chini na ingine juu, na katikati ya tiyo ya chini akaweka robine ndogo ya kupunguza mwendo. Alikata vipande viwili vya musi, ile sponji ya matela ya zamani, kimoja cha kukaa chini ya makala na kingine juu, ili makala isitoroke na kwenda kwa samaki. Pompe ilitoka kwenye fontaine ya kupamba, yenye hoteli fulani ilitupa.

Walijaribu kwanza na maji ya kawaida, ndani ya beseni. Ilivuja kwenye bushoni ya chini. Akaongeza kole ya kubandika, wakangoja ikauke, Djamila akiwa anapita mara kwa mara kuigusa na kidole, hata aliharibu kole na ikabidi kungoja tena. Mara ya pili haikuvuja. Lakini courant ya umeme ilikatika wakati tiyo ya kurudisha ilikuwa bado imezama mu sanduku, na maji ikaanza kurudi nyuma yenyewe, ikashuka yote kwenye mukeka ya kuswalia.

"Sasa bahari imeanza kutoka," Djamila alisema, akiwa anakamua mukeka.

"Ni tiyo tu ilikuwa chini sana, Maman." Akaipandisha.

Ilibakia makala yenyewe. Ile ya kweli, ya kusafisha maji, haikupatikana Bukavu. Ilikuwa Kigali, na bei yake ilikuwa ya watu wa Kigali. Djamila aliangalia mufuko yenye ilikuwa imesimama nyuma ya mulango ya jikoni, ile makala yenye kushukaka kila wiki kutoka pori ya juu, na njia ya Mudaka, juu ya moto, zile pikipiki, na juu ya migongo ya wamama.

"Makala haiko makala?" aliuliza.

Aliitwanga mwenyewe mu kinu ya sombe, ile ya kutwanga majani ya muhogo. Aliichunga mu chekeche, akatupa vumbi, akaosha vipande mpaka maji ikatoka nyeupe. Yassine akamimina mu chupa, akafunga, akafungua robine polepole. Ile makala iliinuka kidogo, ikaanza kucheza juu-juu, kama maharagi wakati sufuria inaanza kuchemuka. Waliketi wote wawili kwenye kiti moja wakaangalia. Magharibi ilipofika, maji ilikuwa safi, mpaka unaweza kusoma kalendari ya ukuta kupitia sanduku. Samaki walishuka chini wakaacha kuhema vibaya.

"Alhamdulillahi," Djamila alisema. Jioni ile sombe yake ilikuwa nyeusi, na hakuna mutu alilalamika.

Asubuhi makala ilikuwa imetoa jani.

Yassine aliinama, akaangalia, akapunguza robine. "Mayi ilikuwa inapita mbio sana," alisema. Mwisho wa wiki, tawi ilikuwa imesukuma bushoni ya juu na kutoka, mizizi imeshuka kupitia musi, na ile mizizi ilikuwa inasafisha maji kuliko makala yenyewe. Ilikuwa muti ya pori ya juu, ya baridi, yenye ngozi ya kijivu na majani madogo ya kungaa. Ilipofikia mabati, walikata tundu, namna watu wanafanya kwa tiyo ya moshi, wakazungushia lami ili mvua isipite. Djamila alipigia simu bwana yake, muzee Feruzi, mwenye kushindaka Uvira kwenye biashara ya vitenge.

"Kuna muti mu saloni," alimuambia.

"Inavuja?"

"Hapana, tuliweka lami."

"Basi sawa."

Ilikuwa wakati muzuri. Ukungu ilikuwa inatoka chini ya majani kila asubuhi na kulala kwenye viti, na Djamila alikuwa anavalisha kila mugeni sweta kabla ya kumupa chai. Ndege wenye mabawa mekundu walijenga juu ya televizyo. Nyuki waliingia kupitia tundu ya mabati, wakaweka asali ndani ya kabati, nyuma ya sahani za sikukuu. Watoto wa avenue walikuwa wanakuja kupanda kwenye matawi na wanatoka na magoti ya kijani. Maman Eulalie alikuja kwanza kuhakikisha kama Yassine angali pale. Alipomukuta anakula mukate na asali, akarudi na vitenge vyake vya kufua, akaanika kwenye tawi yenye ilikuwa inaangalia dirisha.

"Watu wa ku robine wanasema nini sasa?" Djamila alimuuliza.

"Wanaulizaka kama asali inauzishwa."

Samaki walitaga mayai kwenye kipande ya chungu. Yassine alikuwa anaimba akiwa anaosha musi. Firmin alimupigia simu kutoka carrière, na Djamila, akiwa nyuma ya muti, alisikia mutoto yake anasema: "Kwa sasa sina nafasi, ndugu yangu. Niko na mayai." Djamila aliweka paji ya uso kwenye ngozi ya ile muti, akaishukuru.

Ni pale aliona rangi. Kwenye shina, kwa urefu wa kifua, kulikuwa kunatokea musalaba mwekundu, polepole, namna alama ya chanjo inatokeaka kwenye mukono ya mutoto.

Kisha mutu wa musalaba akakuja. Aliitwa Papa Placide, alikuwa na koti ya kijani, na alivua viatu kwenye mulango bila kuambiwa. Djamila alimupa sweta na chai.

"Nilisikia muko na muti yangu," alisema.

"Yako namna gani, papa?"

"Mie ndiye nalinda pori ya juu. Ile musalaba ni mukono yangu. Hii muti niliipaka rangi mie mwenyewe, nikaionyesha wachoma makala."

"Kumbe kulinda ni kuonyesha?" Yassine aliuliza.

"Kijana, nisipowaonyesha watakata ovyo." Alikunywa chai. "Ni muzuri, imerudi vizuri. Asali yake iko?"

Djamila alimuletea asali.

"Basi tuirudishe kule," Yassine alisema. "Tutaichimbua na mizizi yote. Mie nitalipa moto ya kuipandisha."

"Kule juu?" Placide alitikisa kichwa, na ilionekana kweli anasikitika. "Kule kumebakia mashina. Itasimama peke yake kama mutu mwenye amekosea siku ya ndoa. Hapana. Nitaikata hapa, ni karibu na barabara. Na tena sheria ni sheria: mwenye kupatikana na muti ya pori mu nyumba yake, anafungwa. Chupa ni ya nani?"

"Ni yangu," Yassine alisema.

Placide alimuangalia. Alianza kwenye miguu, akapanda polepole mpaka kwenye kichwa, namna mutu anapimaka shina. Djamila aliona ile macho. Alikwenda jikoni, akarudi na shoka, akaiweka kwenye meza, pembeni ya sukari.

"Asante, maman," Placide alisema. "Nilikuja na moto, sikubeba kitu."

Waliwaambia ndege wasogee, wakasogea kwenye pazia. Nyuki walihamia kwa Maman Eulalie. Muti ilianguka polepole kati ya kiti na kabati, bila kuvunja sahani, na vijana wa moto wakaibeba vipande-vipande, njia ya Mudaka, kupanda kwa wachoma makala. Yassine hakula ile siku. Aliziba tundu ya mabati na sashe.

Kisha makala ikashuka, namna inashukaka kila wiki. Djamila alinunua mufuko yake, juu maharagi haiivi na jua. Alipoiwasha kwenye babula, jiko yake ya makala, ilinuka asali. Avenue nzima ilinuka asali, na kila mama alisema wiki ile chakula ilikuwa tamu.

Maji ya sanduku ilianza tena rangi ya majani. Samaki walipanda juu. Yassine aliangalia mayai, akaangalia simu yake. Djamila alichukua kinu.

Asubuhi kulikuwa jani. Muti ilirudi na ukungu yake yote, ndege wakashuka kutoka kwenye pazia, na kwenye shina kulikuwa misalaba miwili. Placide alirudi naye, akavua viatu. Sasa ni hivyo. Muti inakomaa, Placide anakuja, ana kikombe yake mu kabati na sweta yake kwenye musumari, na anauliza habari ya samaki. Rangi nyekundu imeshapanda karibu na matawi. Kule juu ya Mudaka mulima ungali wazi, hata kivuli ya kupumuzisha mbuzi haiko.

Samaki walizaa, wadogo kama kope za macho. Hoteli moja ilimuita Yassine kujenga sanduku kubwa kwenye mapokezi, na Firmin alitoka mu shimo akakuja kujifunza kukata bushoni. Wanacheka pamoja kwenye baraza mpaka Djamila anawatupia kandambili. Usiku anahesabu pumzi ya mutoto yake kupitia pazia, na analala vizuri.

Kwa wamama wenye watoto yao wanataka kufuga bahari, Djamila alisema iandikwe hivi, mambo ya kuepuka:

Usitumie tiyo yenye ilipitisha mazuti ya gari.

Usiguse kole mbele haijakauka.

Usizamishe tiyo ya kurudisha. Courant ikikatika utakamua mukeka.

Usifungue robine sana. Makala icheze, isiruke.

Usiwape samaki sambaza kila mara unawaonea huruma.

Usitwange makala na sombe mu kinu moja.

Usiache muti itokee juu ya mabati. Ikunje ingali laini.

Usiseme "ni yangu" mbele ya mutu wa koti ya kijani. Sema ni ya Tonton, na Tonton amesafiri.

Usimupe shoka yako. Akuje na ya kwake.