Mwalimu Agbenyega Yupo Kazini

Kulikuwa bado giza Kafui aliposikia kata ikikwangua ndani ya pipa uani. Hakuinuka kuangalia. Nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka makaburini, na kila siku ya kazi Mwalimu Agbenyega alipitia hapo kunawa udongo mwekundu kabla ya kwenda shule. Alikuwa muungwana. Alitumia maji kidogo tu na kata aliirudisha mahali pake.

Alizikwa Februari. Mwezi huohuo mkuu wa shule alimwagiza Kafui, karani wake, aliwekee jina la marehemu alama ya "yupo" kwenye orodha ya mishahara. Kafui akaweka. Jumatatu iliyofuata mwalimu akaingia kidato cha tatu, ndicho cha mwisho, mchepuo wa biashara, akauliza waliishia ukurasa gani.

"Mia na kumi na mbili, ticha. Ila umetuchelewesha."

"Nilikuwa mbali kidogo."

"Kwani huko nako kuna foleni?"

"Ipo, we Selorm, na wazembe ndio wanatangulizwa. Toa daftari."

Darasa likacheka, vitabu vikafunguliwa. Walikuwa thelathini na mmoja. Bila mwalimu wa uhasibu mchepuo ungefungwa, nao wangesambazwa kwenye upishi na kilimo, mtihani wa mwisho ukiwa mlangoni. Hilo Kafui alijiambia kila mwisho wa mwezi. Habari ya bahasha na mfuko wa mchele ambavyo mkuu alimpa baada ya kuuchukua mshahara wa mwalimu, hiyo hakujiambia.

Agbenyega ndiye aliyemfundisha kazi. Kafui alipopata mimba akaacha shule, na mtaa mzima ukamgeuza kichekesho, mwalimu alimwambia aje darasa la jioni na mtoto wake mgongoni. Mtoto akilia, alimbeba yeye, mkono mmoja, huku ule mwingine ukichora mstari katikati ya ubao. Kushoto kilichoingia, kulia kilikotoka.

"Kila kinachoingia kimetoka mahali," alikuwa akisema. "Andika kimetoka kwa nani."

Julai mjane wake, Mama Dzigbodi, alikuja ofisini kufuatilia mafao ya marehemu. Mkuu alimsikiliza kwa upole.

"Mama, mafao ni ya waliokufa. Mumeo yuko kazini. Hebu sikiliza."

Sauti ya mwalimu ilikuwa ikiingia dirishani, akisoma maswali.

"Namsikia," alisema mama. "Basi nipeni mshahara wake."

"Mshahara ni wa mwenyewe. Hayo ya nyumbani myamalize wenyewe."

"Nyumbani haji. Juzi nimemsubiri njiani na shati nililomfulia, kanipita hivi. Eti ana vipindi." Akamgeukia Kafui. "Wewe mwanangu, uliyekula kwenye chungu changu, niambie nifanyeje."

Kafui alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Rudi mwezi ujao, mama," alisema.

Mchana ule orodha ikafunguliwa tena kwenye kompyuta. Sena, binti yake wa miaka minne, alikuwa sakafuni akichora. Mwalimu akasimama mlangoni na chaki yake vidoleni. Alikuwa amekonda mpaka ukuta wa nyuma yake ulionekana kupitia kifuani. Hakuuliza habari ya mshahara. Alimwinamia Sena, akamnong'oneza kitu, kisha akarudi darasani, maana kipindi cha nane kilikuwa chake.

"Umeshaweka?" mkuu aliita kutoka chumba cha ndani.

Kafui akalitafuta jina. Akawafikiria wale thelathini na mmoja, akaufikiria na mchele, akajua ni kipi kilichomjia kwanza. Akaweka "yupo".

"Tayari, bwana mkuu."

Sena akainua kichwa kutoka kwenye mchoro wake.

"Mama," alisema kwa sauti, "mwalimu anataka kulala."