Pakanga Kwenye Mchanga wa Lodwar

Kata iligonga ukingo wa mtungi, ko, kisha kukawa kimya. Kulikuwa bado giza. Jerotich alikuwa akichota maji polepole asimwamshe mwanawe Josiah, lakini Josiah alikuwa macho.

"Mama, unamnywesha nani saa hizi?"

"Lala wewe. Nina watoto wangu nje."

Watoto wenyewe walikuwa mbegu za pakanga. Jerotich alikuwa amezileta kutoka kwao milimani, ambako pakanga humea nyuma ya kila jiko na watu huweka matawi yake chini ya malazi kufukuza viroboto. Hapa Lodwar ilikuwa habari nyingine. Mwaka huo wa sabini na sita jua halikuwa na huruma, na mbuzi wa mtaa hawakujua maana ya ua.

Lakini pakanga ilikuwa lazima iote. Akidor, mke wa Josiah, alikuwa amekwenda Kakuma kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Siku mama huyo, Awoi, alipokuja kumchukua binti yake, alikaa tangu asubuhi akimsikiliza Jerotich akiisifu milima ya kwao. Mwishowe akasema, "Mkwe, kila kitu ya kwenu ni tamu. Sasa ukitaka kubeba huyu mtoto, kuja na kitu umepanda mwenyewe kwa mchanga yetu. Usikuje na hadithi."

Watu wakacheka. Jerotich naye akacheka, kwa adabu, ila usiku ule hakulala. Kwao mkwe hatoi neno hivi hivi.

Mbegu ya pakanga ni vumbi tupu. Haifukiwi. Huwekwa juu ya udongo, ikabanwa kidogo kwa kiganja, ikaachwa ione mwanga, na maji hunyunyizwa kwa ncha za vidole. Jerotich alichekecha samadi, akaichanganya na udongo wa kando ya mto Turkwel, akatandaza mbegu zake na kuzijengea kivuli chepesi cha majani ya mkoma. Jumapili akaenda kanisani akiwa na amani.

Aliporudi alimkuta Wahu, jirani mwenye duka, amepiga magoti nyuma ya nyumba na gauni lake la Jumapili, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko.

"Mama Josiah, nimekuokoa!" alisema Wahu. "Ulisahau kufukia mbegu zako, upepo ungezibeba. Nimezizika vizuri, na nimezimwagia ndoo nzima."

Jerotich alitazama tuta lile lililoshindiliwa kama kaburi la mtu mzito. Halafu akalitazama lile gauni, jeupe zamani, na ile ndoo ya maji ambayo Wahu alikuwa ameinunua.

"Asante, mwanangu," akasema. "Njoo unawe, tunywe chai."

Tuta halikutoa hata jani.

Zilibaki mbegu kidogo ndani ya karatasi iliyosokotwa. Asubuhi moja Jerotich aliifungua karatasi hiyo kwenye kizingiti, karibu na mtungi, akaingia ndani kutafuta mkebe. Ndipo akapita mzee Ethuro wa nyumba ya pili, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok!"

"Ejok-noi, mzee. Kaa, natoka."

Ethuro alikaa. Akaiona karatasi, akaliona lile vumbi la kahawia, akafurahi kwamba mama huyu amemwekea ugoro. Akachukua kiasi, akavuta.

"Ugoro ya kwenu haina nguvu," alianza kusema, kisha akapiga chafya iliyowatawanya kuku. Jerotich alipotoka, karatasi ilikuwa tupu.

"Mzee! Zile zilikuwa mbegu!"

"Mbegu ya nini?" aliuliza Ethuro, akifuta machozi. "Ya vita?"

Jerotich alicheka mpaka akaketi chini, na akiwa ameketi pale, akaanza kulia kidogo. Ethuro aliondoka.

Lakini mtungi ule ulikuwa unavuja, na ukuta ulitia kivuli mchana kutwa. Kabla mwezi haujaisha, Jerotich akifagia kizingitini aliona ukungu wa kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Alitupa ufagio, akalala kifudifudi atazame vizuri.

Ethuro aliitwa aje kushuhudia. Alitazama sana. "Mimi nimepanda na pua," akatangaza. Siku hiyohiyo alikata matawi ya miiba akazungushia kizingiti, hata Josiah akawa anaingia nyumbani kwake kupitia dirishani.

Habari ikaja: Akidor amejifungua msichana. Jerotich aliuhamishia mche ulio imara kuliko yote ndani ya mkebe, akaupakata kwenye lori la mahindi, Lodwar hadi Kakuma, akiufunika kwa kanga kila vumbi lilipoingia.

Kwenye boma la Awoi aliuweka chini ili ajifunge kitambaa vizuri. Shingo ndefu ikapita juu ya bega lake. Ngamia alifumba macho, akatafuna pakanga yote pamoja na mizizi, akalamba mkebe.

"Mkwe!" Awoi alikuwa ametoka. "Mbona umesimama hapo kama askari ya kodi?"

"Nilikuja nayo," alisema Jerotich. "Naapa, mkwe. Ilikuwa hapa."

"Nini?"

"Pakanga. Ulisema nisimbebe mtoto bila kitu nilichopanda kwenye mchanga wenu."

"Mimi? Nilisema lini?"

Akidor alitoka na mtoto, akimtazama mmoja, akimtazama mwingine, kisha akamgeukia Jerotich. "Mama, ule si ulikuwa utani! Huyu mama yangu humtania anayempenda; mtu asiyempenda humsalimu vizuri tu."

Awoi hakucheka. Aliishika mikono ya Jerotich, akaona udongo uliokwama kwenye kucha. "Na mimi nilikuwa nashangaa mbona hukuji," alisema taratibu. Akamchukua mtoto kutoka kwa Akidor, akamweka kwenye mikono ile ile, kabla haijanawa.

Ngamia akarudi kunusa mkebe. Hapo ndipo Awoi alipocheka, akashika mbavu. "Angalia huyu! Ameshakuwa mkwe yako!"

Jerotich alikaa hadi lori liliporudi. Dereva alipopiga honi, Awoi hakuuachia mkono wake.

"Kuja tena, mkwe," alisema. "Usingoje kitu kiote. Kuja tu. Utakuja lini?"