Baiskeli Sifuri Darajani

Kibao kile Spoki alikiandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka baiskeli ya mwuza maziwa, akakipigilia misumari mbele ya kibanda chake cha ufundi: UKIFIKA DARAJANI, SHUKA. Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini hakuna mteja aliyepata kusema hausomeki. Kila aliyekuja kuzibiwa pancha au kukazwa mnyororo alisomewa maneno yale kwa mdomo pia, bure, hata kama ana haraka zake.

"Pedali ni zako, mifupa ni ya mama yako," Spoki aliwaambia. "Shuka, kokota. Ukifika ng'ambo, panda."

Hakuwa mtu wa woga. Alikiandika mwaka uliotangulia, wiki ile binti yake alipopigwa na kioo cha lori katikati ya daraja, akatupwa kwenye vyuma vya ukingo na kuvunjika mtulinga. Daraja lenyewe ni jembamba. Malori mawili yakipishana, hapabaki pa kupitisha kiwiko. Binti alikuwa dobi wa hospitali iliyo upande wa pili wa mto. Alikaa nyumbani miezi mingi, mkono umefungwa kifuani, na baba yake ndiye aliyemfunga kamba za viatu kila asubuhi, mtu mzima na mafuta ya mnyororo kwenye kucha. Sasa alikuwa amepona, na Jumatatu alikuwa anarudi kazini. Basi la kwanza huondoka saa moja, zamu ya madobi huanza saa kumi na mbili na nusu. Ni baiskeli au kuacha kazi, na kuacha kazi binti hakutaka kusikia.

Ndiyo maana jiji lilipotangaza kwamba litajenga njia ya baiskeli yenye kingo za zege, na kwamba wakazi waje wajadili ijengwe wapi, Spoki alifunga kibanda mchana kweupe, akavaa shati alilovaa kwenye harusi ya mdogo wake, akaenda kukaa mstari wa mbele ukumbini. Shati lilikuwa linambana tumboni. Hakujali.

Mhandisi wa jiji, dada mmoja mpole mwenye ramani ndefu kuliko meza, alisema zege linatosha barabara moja tu. Ama Barabara ya Bustani, ama Barabara ya Daraja. Mwalimu mstaafu aliyekaa nyuma ya Spoki akasimama kwanza.

"Wajukuu wangu wawili wanaenda shule kwa baiskeli kupitia Bustani," alisema. "Nikiwaona wanakata ile kona, moyo unanipaa. Sina hoja nyingine zaidi ya hiyo."

Spoki aligeuka kumtazama. Hoja ile ile ndiyo aliyokuja nayo yeye.

Mhandisi akafunua karatasi ya makarani waliotumwa kuhesabu baiskeli asubuhi moja katika kila barabara. Bustani, baiskeli sitini na nne. Daraja, sifuri.

Watu wakacheka. Spoki akainuka kabla hajaitwa.

"Sifuri? Mwanangu, mimi nakaa pale pale. Asubuhi moja wanapita watu zaidi ya mia tatu, na nusu yao matairi yao nimeyaziba mimi. Hao makarani walikuja saa ngapi, baada ya chai?"

"Walikuwepo tangu saa kumi na moja na nusu, baba," mhandisi alijibu bila kukasirika. "Na hao watu waliwaona. Wameandikwa hapa. Waenda kwa miguu, mia tatu themanini na mmoja."

Spoki aliirudia namba ile kwa midomo. Kisha akaelewa, na alipoelewa alitamani sakafu immeze. Wale mia tatu themanini na mmoja walikuwa wateja wake. Kila mmoja alifika darajani, akamkumbuka fundi, akashuka, akakokota. Kwa mwaka mzima alikuwa amewafundisha kutoonekana.

"Na anayekokota baiskeli?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Fomu ina safu ya anayeendesha na safu ya anayetembea. Anayekokota anatembea."

"Fundi," mwenyekiti wa mkutano akaingilia, akifurahia zaidi kidogo kuliko ilivyostahili, "kile kibao kilichoandikwa shuka, si ni cha kwako?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Spoki alikuwa ndani ya kisima chake, na shati la harusi. Mtu mwingine angeketi. Yeye alisubiri mpaka wa mwisho amalize kucheka.

"Cha kwangu, na sikifuti," alisema. "Lakini nikuulize, mwenyekiti. Kwenye njia ya kwako kuna mbwa mkali, watu wote wakaamua kuzunguka. Utaandika kwamba yule mbwa hana shida, kwa sababu mwezi huu hajauma mtu?"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mhandisi hakucheka kabisa, alikuwa anaandika. Akamwinamia mwenyekiti wakanong'onezana muda mrefu, na mwisho mwenyekiti akatoa shauri lao: hesabu itarudiwa darajani Alhamisi ijayo, alfajiri. Fomu ni ile ile. Wanaoendesha watahesabiwa. Wasipokuwepo, zege linakwenda Bustani na maneno yameisha.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Mwaka mzima umewakataza watu kupanda. Leo uende uwaambie wapande?"

"Mmoja mmoja siwaambii. Wakiwa wote pamoja, nitawaambia. Lori haliwezi kumkwangua mtu mmoja wakiwa wameijaza barabara."

"Haya. Na huyu?" Mama alionyesha kwa kidevu upande wa binti yao, aliyekuwa akikunja sare yake ya kazi.

"Huyu atakokota," Spoki alisema haraka. "Hata Alhamisi. Nyuma yetu."

Binti hakuacha kukunja. "Baba, aliyevunjika ni nani?"

"Ndiyo maana nasema."

"Na mimi ndiyo maana nasema. Nikikokota, nitakuwa sifuri. Watu watahesabiwa kwenye daraja lililonivunja, mimi nisiwemo?"

Mama akaokota sufuria yake na kuendelea kusugua, maana yake alikuwa upande wa binti. Spoki alitoka nje akakaa na baiskeli za watu. Aliogopa, aliogopa kweli kweli, na woga ule alikuwa ameupaka rangi nyekundu na kuuita ushauri. Alipiga moyo konde, akachukua spana, akaanza na breki za baiskeli ya binti yake.

Siku zilizofuata hakumwachia mteja hata mmoja. Breki alikagua bure, na kila aliyeshika usukani kuondoka aliambiwa: Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro robo, hapa kibandani, tunavuka pamoja.

"Fundi, unaumwa?" mwuza mikate alimwuliza. "Kibao chako kinasema nini?"

"Kinasema ushuke ukiwa peke yako."

"Hilo la peke yako halijaandikwa."

"Ubao ulikuwa mdogo."

Alhamisi walikuja. Wauguzi, wapishi, walinzi, wafagiaji, mwuza mikate na kreti zake nyuma. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vilikuwa vimejaa barabara mpaka kwenye kona. Spoki alipanda baiskeli yake. Tangu mwaka jana hata yeye alikuwa akikokota. Akajiweka upande wa malori, binti yake akabaki ndani, karibu na ukingo.

"Polepole, na asitoke mtu kwenye kundi," alisema, na wakaingia darajani.

Lori la kwanza lilifika nyuma yao na kupiga honi ndefu. Hakuna aliyesogea, maana hapakuwa na pa kusogea, na dereva alipochoka kupiga honi akaanza kutembea kwa mwendo wao. Katikati ya daraja palikuwa bado na mkwaruzo wa rangi ya bluu kwenye vyuma, mahali usukani wa binti ulipogonga. Spoki aliuona. Binti hakutazama huko. Alikaza macho mbele, vidole vimekuwa vyeupe kwa kubana mpini.

"Mnyororo wako unalia," baba yake akamwambia, ili aseme kitu.

"Fundi wake mvivu," binti akajibu, na vidole vikalegea kidogo.

Mwisho wa daraja alisimama mhandisi mwenyewe, na kidude cha kuhesabia mkononi, kidole gumba kinabonyeza bila kupumzika. Alipompita, Spoki alisikia kile kidude kikisema tik kwa ajili ya binti yake, kisha tik kwa ajili yake. Alijikuta analia, na upepo ukabeba lawama.

Walikuwa mia nne na tisa. Takwimu zilisomwa mkutano uliofuata. Mwalimu mstaafu akasimama tena, akasema hawezi kubishana na mia nne na tisa, lakini kona ya shule nayo bado ipo pale pale. Spoki alisema hana ubishi na kona ile. Wakabishana mpaka jua likaanza kuzama, na zege likagawanywa: kona ya shule ipate kingo, na daraja lipate upande mmoja tu, njia nyembamba ya kwenda hospitali. Wa kurudi wasubiri.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," mkewe alimwambia.

"Nusu iliyobaki naijua inakoishi," Spoki alijibu.

Siku njia ilipofunguliwa, binti alivuka asubuhi bila kushuka, akapiga kengele mara mbili katikati ya daraja. Jioni alirudi anakokota. Spoki alikuwa amekwishachukua rangi na brashi, akabana neno moja kwenye nafasi finyu ya kibao: UKIFIKA DARAJANI JIONI, SHUKA.

Siku ya mkutano mwingine wa njia za baiskeli, mlinzi wa ukumbi alifika asubuhi na funguo zake akamkuta Spoki amekaa ngazini na shati la harusi, na binti yake pembeni, baiskeli mbili zimeegemezwa ukutani.

"Mkutano ni saa nane, mzee," mlinzi akamwambia.

"Tunajua," Spoki alisema, akisogea ili mlango ufunguke. "Leo tumekuja mapema, tusije tukaandikwa sifuri."