Maoni Yangu Kuhusu Katuni ya Gozbert

Gozbert alianza yeye. Naliweka hilo mbele, ili mkifika katikati mkaanza kumwonea huruma, mjue mnamwonea huruma nani.

Gozbert ana banda la video hapa Kemondo, karibu na gati. Filamu za kigeni huzitafsiri mwenyewe, anaongea juu ya sauti za wenyewe, na watu wa kwenye filamu anawabatiza majina ya huku kwetu. Filamu ikiisha anapita na simu, anarekodi maoni ya watazamaji. Kesho yake maoni hayo yanalia kwenye spika nje ya banda ili wapita njia waingie. Siku moja akanisogezea simu na mimi. Nikasema, "Filamu ni nzuri. Anayehitaji kutafsiriwa ni mtafsiri." Hakuyasikiliza kabla ya kuyaweka kwenye spika. Kemondo ilicheka mpaka wabeba mizigo wakatua magunia.

Alininyamazia. Kumbe alikuwa anasubiri katuni.

Katuni yenyewe ilitoka kwenye vile vitabu vya picha vya Wazungu, na inaeleza jinsi shujaa alivyopata nguvu zake. Kijana fundi redio anapigwa na radi juu ya paa, anaamka mkono mmoja unawaka kama jiko la mkaa. Adui yake ni kizee mwenye kikapu, anapita mjini akigawa mbegu, na anayetafuna anageuka jiwe. Sasa mimi, kazi yangu ni kuuza akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Naichemsha, naikausha, naipanga kwenye kikapu. Basi kizee alipotokea tu, Gozbert akashika kipaza sauti, akakohoa kikohozi changu, akaburuta maneno kama ninavyoyaburuta mimi: "Karibuni wanangu! Ni mimi Ma Joanitha wa gatini! Tafuneni, tafuneni!"

Sikuwepo. Niliyasikia kesho yake kwenye spika, nikiwa nimekaa na kikapu changu.

"Mimi Bashiri, mvuvi wa Goziba," spika ikasema. "Katuni nzuri, ila shujaa anachelewa kupata nguvu. Nusu ya filamu analia tu. Mimi mtumbwi wangu ulizama na sikulia hivyo. Aliyenifurahisha ni Ma Joanitha. Yule ni mchawi kamili!"

Akafuata kijana mmoja wa seminari aliyekuwa likizo. "Vitabu vyake nimevisoma. Kwenye kitabu shujaa ana akili zaidi, na kizee anatokea mwishoni tu. Lakini tafsiri imempa uhai."

Kisha sauti ya kitoto: "Mimi nimependa mkono unaowaka. Akamwani za Ma Joanitha sili tena."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana utani siuchukii. Lakini jioni kikapu kilirudi nyumbani kimejaa, na kesho yake vilevile. Si kwamba watu waliamini. Hawakuamini, ila kila mmoja alitaka mwenzake atangulie kujaribu. Hata Hafidha, mkaanga samaki, Mwislamu wa Bukoba mjini ambaye tumekaa naye ubavu kwa ubavu tangu nywele zetu ni nyeusi, alipokea punje, akaigeuzageuza kiganjani, akasema, "Leo jino linaniuma, Ma Joanitha."

"Jino lipi?"

Akafikiri. "Yote."

Kwetu Uhaya mgeni anapewa akamwani kabla hajaulizwa shida yake. Mkono ambao kahawa yake haipokelewi ni wa mchawi au wa maiti, na mimi nilikuwa napumua. Nikaenda kwa Gozbert.

"Lifute jina langu."

"Ma Joanitha, si katuni tu! Hata watoto wanajua."

"Hao watoto ndio wanaonikimbia."

"Basi toa maoni," akasema, simu hiyo mbele ya mdomo wangu, na meno yote nje.

Sikutoa. Niliyaweka.

Gozbert kwa ujanja wake wote alifanya kosa ambalo hata mlevi wa rubisi halifanyi. Alimpenda msichana wa Rubya huko Muleba, Annastella, binti mpole, mshonaji. Akachunguza ukoo, akachunguza kibanja chao cha migomba, akauliza mpaka kama babu alikuwa na kifafa. Shangazi wa binti ni nani, hakuuliza. Mtu anaposa kwetu bila kumuulizia shangazi! Baba yake Annastella ni Nathanael. Na Nathanael ni mdogo wangu, tumbo moja.

Nathanael aliponipigia simu kuwa posa inatoka Kemondo, mchumba ana banda la video, nilimshukuru Bikira Maria, ingawa nadhani yeye hakuhusika.

Siku ya posa nyasi mbichi zilitandazwa sebuleni, wageni wakaketi. Gozbert amevaa suti, amepaka mafuta mpaka paji la uso linaonyesha dirisha. Mshenga wao, Ta Kashaija, alikuwa anasifu ukoo wetu kwa maneno matamu. Nikaingia na kikapu.

Ta Kashaija akakatika katikati ya sifa. Naye katuni alikuwa ameiona.

"Karibuni wanangu," nikasema, nikakohoa kidogo. "Tafuneni, tafuneni."

Mikono yote ikabaki magotini. Nathanael akawatazama mmoja mmoja. "Wageni hawapokei kahawa nyumbani kwangu? Mmekuja kuposa au kugombana?"

"Wanaogopa kugeuka mawe," nikamwambia. "Muulize mkwe."

Gozbert akateremka kitini mpaka kwenye nyasi, magoti chini. "Shangazi, sikujua. Ulikuwa utani."

"Utani na nani? Mimi bibi yako? Shangazi wa mchumba anataniwa wapi, Bukoba au Bara Hindi?"

"Naomba unisamehe."

"Kwanza pokea."

Punje za wengine nilikuwa nimezipika kwa heshima. Za kwake nilizitenga pembeni mwa kikapu, zimelala kwenye maji ya mwarobaini siku kadhaa. Haikuwa sumu. Yalikuwa maoni yangu. Akatafuna. Macho yakamtoka maji, taya likamkataa, lakini kutema mbele ya baba mkwe hawezi.

"Tamu?" nikamuuliza.

"Tamu, shangazi."

"Ongeza."

Akaongeza. Ta Kashaija, alipoona mwenzake hajageuka jiwe, naye akapokea, na wengine wakafuata. Nathanael alitaka kuwajibu palepale. Nikamfinya. Tukawaambia jibu litatoka katuni itakapotafsiriwa upya, mbele ya watu, na mimi nikiwa nimekaa kiti cha mbele.

Banda lilifurika. Kizee akatokea na kikapu. Gozbert akashika kipaza sauti, akanitazama, mimi nikamtazama. "Huyu," akasema, "ni Gozbert wa banda la video. Anawapa watu mambo ya uongo, wanatafuna, wanakuwa mawe." Banda likapasuka. Na kila kijana yule wa radi alipompiga kizee konde, nilipaza sauti, "Tafsiri hiyo! Hatujasikia!" Naye akatafsiri: "Gozbert analia. Gozbert anaomba msamaha. Gozbert amepigwa tena."

Alipopita na simu kuchukua maoni, Bashiri akasema, "Shujaa bado analia sana, ila adui wa safari hii ni mbaya zaidi, na sauti inamfaa." Hafidha akasimama mbele ya wote, akachota akamwani kikapuni kwangu bila kukaribishwa, akatafuna mdomo wazi ili kila mtu aone. Nikamwacha atafune. Alichota zile za pembeni, za mwarobaini, na sikumwonya.

Maoni yalilia kwenye spika wiki nzima. Padre alipouliza kwenye kitubio kama najuta, nikamjibu kweli tupu: najuta filamu ni fupi.

Mwishowe Gozbert akaja kwangu gatini, amekonda kidogo, kofia mkononi. "Shangazi, nimefanya yote. Je, jibu?"

"Jibu la Nathanael ni ndiyo. Mnaweza kuoana."

Akashusha pumzi.

"Ila unajua mila yetu," nikaendelea, nikipanga punje zangu. "Bibi harusi anafundwa na shangazi. Annastella anahamia kwangu mpaka siku ya harusi. Nitamweleza mume ni nani, anaongopaje, na anashikwa wapi akiongopa. Nitamfunda taratibu, mkwe. Sina haraka hata kidogo."

Akabaki amesimama pale juani, kofia inazunguka mikononi. Nikamnyooshea kikapu.

"Karibu."