Daftari la Njano Mahakamani

Mimi si wa kusifiwa kitu nikakiamini hivi hivi. Nimepika jikoni shuleni miaka thelathini. Mtoto akikwambia "chakula kitamu sana leo", jua ameshakimwaga. Kwa hiyo nilipowekwa kwenye kamati ya kupima majaji wa kaunti yetu, ile inayowaandikia wapiga kura kijitabu kabla ya kura ya Novemba, kuwaeleza kama jaji anafaa kubaki, fomu za maoni juu ya Jaji Penhallow zilinitia wasiwasi. Mawakili, makarani, wote wanamsifu. Hata mmoja wa kulalamika hakuna? Thubutu!

Mara tatu nilikwenda kumtazama akisikiliza kesi, daftari langu la njano la kamati mapajani. Mara tatu alikuwa malaika mtupu. "Umeelewa? Una la kuongeza?" Nikazidi kumshuku.

"Ardith, wewe utamshuku hata mchungaji wako," alinitania Lindgren, mwenyekiti wetu.

"Huyo nilishamshuku zamani."

Jumanne, siku mbili kabla kamati haijaamua, nililificha daftari mkobani, nikavaa kofia ya marehemu mume wangu, nikajibanza benchi la nyuma.

Kando yangu alikaa mzee mmoja, Eusebio Archuleta, kifaa chake cha kusikilizia kinapiga mluzi sikioni. Mwenye kiwanja alichopanga alitaka kumwondoa na trela yake anayoishi ndani, eti amefuga mbwa kinyume cha mkataba. Mzee akanionyesha barua: mwenye kiwanja mwenyewe alimruhusu huyo mbwa, na sahihi ameweka.

"Trela yangu imezeeka, mama. Ukiivuta inavunjika," alininong'oneza. "Wakinitoa pale sina pa kwenda."

Alipoitwa hakusikia. Nikamgusa bega, akaenda mbele anachechemea.

"Una mbwa?" Jaji Penhallow hakuinua hata kichwa.

"Ninaye, mheshimiwa, lakini nina ba..."

"Basi umekiri. Siku kumi uwe umehama. Anayefuata!"

Mzee wa watu akabaki amesimama na barua yake mkononi. Damu ilinichemka! Sisi watazamaji haturuhusiwi kuingilia kesi, hata kukohoa kwa makusudi hatuthubutu. Lakini kuandika ndiyo kazi yetu. Nikafungua mkoba, nikatoa daftari la njano, nikaliweka wazi mapajani.

Jaji akainua macho. Akaliona daftari, kisha akaniona mimi chini ya kofia. 

"Bwana Archuleta," akaita, sauti imegeuka asali, "hebu rudi kidogo. Nadhani ulikuwa na karatasi?"

Akaisoma barua yote, akamwuliza mwenye kiwanja kama sahihi ni yake. Ni yake. Madai yakatupwa palepale.

"Umeelewa, Bwana Archuleta? Una la kuongeza?"

Wanafiki wana kipaji, nawaambieni.

Nje kwenye ngazi mzee alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. "Umemwona jaji yule, mama? Ameniita mwenyewe nirudi! Novemba kura yangu anayo, na ya binti zangu wote."

Nilitaka kumwambia. Nikajizuia, maana furaha yake ilikuwa ya kweli na trela yake imepona.

"Mzee," nikasema, "kabla hujapiga kura, soma kijitabu cha kamati yetu tutakachowaletea majumbani. Mimi mwenyewe ninakiandika."

Akacheka, akanipigapiga begani.

"Vijitabu vya nini, mama? Mimi nimejionea kwa macho yangu."