Mafuta ya Mama Bernadette

Mama wa shirika letu wananichekaka mpaka leo, na mimi naacha wacheke. Lakini mutu aniambie kwanza: mugonjwa akikuambia "mafuta", na weye Mukatolike, ungefahamu nini?

Mimi ni Adeline, wa Legio ya Maria. Kazi yenye walinipatia ilikuwa kumutembelea Mama Bernadette, muzee mwenye alikimbia vita upande wa Nizi, akafikia kwa mujukuu wake Falone, hapa Bunia. Tangu afike alikuwa analala tu, uso ku ukuta, bila kusema neno. Sombe yenye nilikuwa namuletea kila siku, majani ya muhogo nimeyatwanga na mikono yangu hii, anaonja kidogo, anasukuma sahani. Falone ananiambia, "Mama Adeline, koko atanikufia." Na mu jamaa yote Falone alibakia na huyo koko, nyanya yake, peke yake. Nikitoka pale nalia njiani, sifichi.

Na musinilaumu juu ya sombe. Ilikuwa Kwaresima, na nilikuwa nimemutolea Mungu mafuta: kwangu hakuna kupika na mafuta mpaka Pasaka. Bwana yangu Honoré alisema, "Weye njo uliahidi, mbona tumbo ni yangu?" Nikamuambia anyamaze, Yesu aliteswa zaidi.

Basi Ijumaa moja naingia na sahani yangu. Mama Bernadette anageuka, ananikazia macho, anasema polepole: "Mafuta."

Yesu Maria! Nikajua anaomba mafuta ya wagonjwa, sakramenti, akufe vizuri. Niliacha sahani chini, nikapanda pikipiki mpaka parokia. Padri Rémy alikuwa anaanza kula. Nilimuvuta na kanzu. Njiani naita kila mama wa shirika mwenye naona.

Tulipofika, mama walishajaa mu nyumba. Wanaimba nyimbo za matanga, na mumoja amekuja na viti kabisa. Falone iko chini, analia. Padri akavaa stola, akatoa kachupa kake, akainama.

"Mama Bernadette, nimekuletea mafuta."

Mama muzee akaangalia kachupa. Akamuangalia Padri.

"Hako kadogo?" akasema. "Kataenea sombe kweli?"

Wimbo ukakatika.

"Sombe gani, mama?" Padri akauliza.

"Sombe ya huyu!" Kidole kikanikuta mimi, mbele ya shirika yote. "Nyumba yangu walichoma, nikanyamaza. Mbuzi zangu walibeba, nikanyamaza. Lakini sombe bila mafuta, kila siku? Aa, hapana, hapo nimekataa!"

"Ni Kwaresima, mama!" nikasema. "Nilimutolea Mungu!"

"Umutolee yako. Yangu uniachie."

Padri alicheka mpaka stola ikaanguka. Aliniambia wagonjwa hawafungi, na kama niko naye huruma nikafate mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Nilienda na hasira, nikarudi na chupa muzima, nikapasha ile sombe upya, nikaimwagia mafuta mpaka ikawa nyekundu. Wakati huo Padri alimupaka yake vilevile, kwa kumuombea afya. Na Honoré, sijui nani alimuambia, akatokea na sahani yake mwenyewe, ati amekuja kumutembelea mugonjwa.

Mama Bernadette alikula mpaka akapangusa sahani na tonge ya fufu. Kisha akaniita.

"Weye haujue kupika. Kesho ulete majani mabichi na kinu. Nitakuonyesha."

Nilikuwa natafuta jibu, na jibu kali, njo nikaona Falone. Alikuwa anatoa viti vya matanga inje. Aliweka kiti chini, akaikala juu yake, akaanza kulia upya.

"Mama Adeline, umesikia?" akaniambia. "Koko amesema kesho."

Nilisikia. Nikaenda kutafuta kinu.