Shangazi na Setilaiti

…abonyeze basi, kidole chenyewe si cha kuazima, kiko juu ya kitufe cha kutuma makala tangu chai ilipokuwa ya moto, na mkuu wa maabara kasimama mlangoni na kikombe chake, "Tunatuma au tunaatamia?" na yeye mtafiti anajibu, "Nasoma mara ya mwisho, bosi," uongo mtupu, hasomi kitu, anautazama mstari unaopanda kwenye kioo cha kompyuta, gesi ya naitrojeni dioksidi kule juu kabisa, juu ya mawingu yote, chembe chache tu ndani ya mabilioni ya chembe za hewa, setilaiti inaichungulia kila siku, na kila mwaka inaikuta imezidi, wakubwa watashtuka, na ajira ya kudumu hiyoo inabisha hodi… mstari umenyooka mno, kizuri hakikosi ila, nani alipenda kusema vile, shangazi, naye mwenyewe ila tupu, kila Jumapili akija kukagua nyumba ya kaka yake kama mkaguzi wa shule, akimkuta yeye, kitoto, chali mkekani, "Wifi, mtoto huyu uvivu unamzidi mwaka hadi mwaka, kila nikija amelala!" na magoti ya shangazi yalikuwa yakiota kutu, zamani alifika adhuhuri, baadaye alasiri, mwishowe anaingia taa zimeshawashwa, na mama, macho kwenye mchele anaouchagua, "Mtoto ni yuleyule, wifi. Wewe ndiye unayechelewa"… unayechelewa… ee, na setilaiti nayo ni kizee, mafuta ya kujirekebishia njia yalikwisha kitambo, ilianza kupita adhuhuri, siku hizi inapita jua likienda kuzama, wote humu wanajua, na gesi hii, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, mchana jua huivunjavunja, jioni huwa nyingi, sasa kilichozidi ni gesi au ni magoti, wamekaa na digrii zao wakapiga wastani wa mwezi mzima, hakuna aliyeuliza ilipimwa saa ngapi, yeye akiwamo, itabidi kuanza upya, kila kipimo na saa yake, na ajira iliyobisha hodi, haya, ishike njia yake… "Bibie, chai yangu inapoa." "Iache ipoe, bosi," na kidole kiko palepale, mstari unapanda vilevile, kicheko kidogo kinamtoka puani, kule juu huenda hapana kilichozidi hata kidogo, mtoto ni yuleyule, amelala zake.